Jina Lililozama Ndani ya Taulo

Leo tuyaache mapishi kando tuketi kwenye cherehani. Nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi hulidhania dogo, nalo ni kudarizi jina juu ya taulo. Mimi pia nililidhania dogo, mpaka liliponitia aibu mbele ya mtoto.

Ilikuwa Januari 2019. Binti ya kaka yangu alikuwa amepata nafasi ya Kidato cha Kwanza katika shule moja ya bweni. Orodha ya mahitaji mwaijua nyinyi mliopitia njia hiyo: sanduku, godoro, blanketi, ndoo, sweta mbili, taulo mbili, na mwisho kabisa onyo kwamba kila kitu kiwe na jina la mwenyewe. Kaka akashughulikia karo na godoro. Mimi shangazi nikajitolea kutafuta taulo.

Nilinunua taulo nzito za rangi ya samawati, zile zenye vitanzi virefu vinavyonyonya maji mara moja. Nikazipeleka kwa fundi mmoja mjini mwenye mashine ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta. Baada ya muda mfupi nikakabidhiwa kazi. Jina lilikuwa limeandikwa kwa uzi mweupe, herufi ndogo nyembamba zenye mikia kama za kadi ya harusi. Nililipa, nikashukuru, nikaenda zangu.

Siku ya wazazi kutembelea shule nilimkuta mtoto amenuna. Taulo moja ilikuwa imetoweka kwenye kamba ya kuanikia, na siku chache baadaye akaiona kwa msichana mwingine. Msichana huyo naye alidai ni yake, kwa kuwa alikuja shuleni na ya rangi iyo hiyo. Wakavutana mpaka kwa mlezi wa bweni. Mlezi akaikunjua taulo, akatafuta jina. Alichokiona ni vijidoa vyeupe vilivyojificha kati ya vitanzi vya samawati, hapa kipande cha herufi, pale mkia. Hakuna aliyeweza kusoma. Basi taulo ikabaki kwa aliyekuwa nayo, na binti yetu akarudi bwenini akiitwa mwongo.

"Si ulisema umeandika jina, Shangazi?" akaniuliza.

Niliandika, ndiyo. Lakini jina lilikuwa limezama.

Ile taulo ya pili nilirudi nayo Nairobi, nikamwonyesha fundi. "Madam, taulo ndivyo zilivyo," akanijibu. "Hata ungepeleka wapi, zikifuliwa jina huzama tu." Nusura nimwamini. Bahati nzuri jirani yangu alinielekeza kwa mama mmoja mshonaji katika mtaa wa Umoja. Mama huyo aliishika taulo, akapitisha kidole juu ya lile jina, kisha akasema, "Huyu hakuweka utando juu. Tena herufi zake ni nyembamba mno."

Maneno hayo machache ndiyo somo letu la leo.

KWA NINI UZI HUZAMA

Chukua kile kitambaa cha pamba unachofunikia kiti cha sebuleni. Uso wake ni tambarare kama meza. Ukidarizi ua juu yake, uzi hulala pale pale ulipowekwa. Taulo si hivyo. Taulo ni kama shamba la nyasi. Uso wake umejaa vitanzi vya uzi vilivyosimama, na kitambaa chenyewe kiko chini yake.

Kila sindano inapopiga, uzi wa bobini huuvuta uzi wa juu kuelekea chini. Kwenye pamba laini hilo halina neno. Kwenye taulo, uzi hupita katikati ya vitanzi, ukaenda kulala chini kama njia nyembamba iliyokatwa nyasini. Vitanzi vya pande zote mbili huinuka na kuufunika. Vingine hujipenyeza katikati ya mshono na kuchungulia nje. Pia mguu wa cherehani unaweza kunasa kitanzi na kukivuta, herufi ikaenda upande.

Siku ya kwanza huenda usiyaone haya yote, kwa sababu taulo bado imelala kutokana na kubanwa kwenye fremu. Ikiisha kufuliwa, kukung'utwa na kuanikwa, vitanzi huamka, na jina linaanza kupotea.

UTANDO WENYEWE NI NINI

Utando huu ni kama karatasi nyembamba ya plastiki inayoonyesha upande wa pili. Ule mwepesi unaotumiwa juu ya taulo mara nyingi huwa na unene wa mikroni 20 hivi, yaani sehemu 20 za elfu ya milimita. Hutandazwa juu ya kitambaa kabla ya kudarizi. Huvilaza vitanzi, sindano hupiga ikiutoboa, na uzi hupata mahali pa kukanyaga. Kazi ikiisha unauchana ule wa nje, na mabaki madogo yanayeyuka majini.

Huyeyuka kwa sababu haukutengenezwa kwa plastiki ya kawaida. Umetengenezwa kwa kitu kiitwacho polivinaili alkoholi, ambacho kilitengenezwa kwa mara ya kwanza na wakemia wawili wa Ujerumani, Willy Herrmann na Wolfram Haehnel, mwaka 1924. Kitu hicho hicho ndicho kinachofanya vile vifuko vidogo vya sabuni ya maji vinavyotiwa nzima nzima ndani ya mashine ya kufulia. Kuna pia mifuko ya aina hiyo ambayo hospitali hutia mashuka yenye uchafu wa hatari, yakaingia mashineni bila mfanyakazi kuyagusa.

Tahadhari moja hapa. Kuna washonaji wanaotumia plastiki yoyote waipatayo badala ya utando huu. Zamani wengine walikata ile mifuko ya kubebea bidhaa, ambayo Serikali ya Kenya iliipiga marufuku kuanzia Agosti 28, 2017. Hata leo yupo anayetumia plastiki ya kufunikia chakula. Plastiki ya aina hiyo huvilaza vitanzi kweli, lakini haiyeyuki. Vipande hubaki vimenaswa chini ya uzi, vikimkwaruza mwenye taulo, na pasi ya moto huvikunja na kuvigandisha.

Ukitaka kujua kama umeuziwa utando wa kweli, kata kipande kidogo ukitie ndani ya gilasi ya maji. Wa kweli hulegea, ukawa na utelezi kama wa bamia, kisha ukapotea. Ikiwa kipande kinaelea kizima kama ulivyokitia, hiyo ni plastiki tu.

Na uutunze vizuri. Unyevu ndio adui wake. Aliye Mombasa au Lamu asiuache wazi mezani, maana hewa ya pwani huulegeza ukashikana. Ufungie ndani ya kopo au mfuko usiopitisha hewa. Wakati wa kiangazi huku bara hukauka, ukawa mkavu wa kuvunjika. Ukiuona hivyo, uweke kwa muda mfupi mahali penye unyevunyevu kidogo, utalainika tena. Usiushike kwa mikono mibichi.

JINSI YA KUFANYA NYUMBANI

Si lazima uwe na mashine ya kompyuta. Cherehani yako ya kawaida yenye mshono wa zigizagi inatosha kuandika jina, mradi uwe na subira.

Kwanza, ifue taulo mpya na uikaushe. Taulo nyingi hurudi zinapofuliwa mara ya kwanza. Ukidarizi kabla haijarudi, herufi zitakunjamana baadaye.

Pili, andika jina juu ya utando. Hii ni faida nyingine ya kitu hiki, kwa kuwa juu ya vitanzi vya taulo huwezi kuchora mstari ukanyooka. Tumia kalamu ambayo wino wake hutoka kwa maji. Jaribu kwanza kwenye pembe ya kitambaa kikuukuu cha rangi iyo hiyo, usije ukatia doa lisilotoka.

Tatu, panga matabaka yako. Chini kabisa weka kitambaa kigumu cha kukazia, juu yake taulo, na juu ya taulo utando. Watu wengi huchanganya kazi ya matabaka haya. Kikazio cha chini huizuia taulo isivutike na kukunjika. Utando wa juu huzuia uzi usizame. Kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine.

Nne, bana matabaka yote pamoja ndani ya fremu ya mviringo, yakiwa yamekaza bila kuivuta taulo. Taulo nzito sana ikikataa kuingia, bana kikazio peke yake, kisha uishikize taulo na utando juu yake kwa mishono mirefu ya mkono. Ukitumia pini, ziwe mbali na njia ya sindano.

Tano, shusha meno ya cherehani ili uweze kuisogeza fremu kwa mikono. Vaa mguu wa kudarizia kama unao, punguza kidogo mkazo wa uzi wa juu, na uanze polepole. Jaribu kwanza kwenye kitambaa cha zamani mpaka mikono na mguu vizoeane.

Sita, ukimaliza, uchane utando taratibu ukiwa umeushikilia mshono kwa kidole gumba. Mabaki ya ndani ya herufi kama "a" na "o" yaondoe kwa kitambaa kibichi, au uloweke taulo kwenye maji ya uvuguvugu kisha uisuuze. Ikikauka ukiona mahali pamekakamaa, bado kuna mabaki. Suuza tena. Usipige pasi kabla ya kuyaondoa, yasije yakaganda kwenye kitambaa.

KOSA LANGU

Niliponunua utando wangu wa kwanza nilijiona fundi. Nikaichukua ile taulo ya pili, nikafumua jina la zamani kwa uangalifu, nikaliandika upya. Niliziacha herufi zikiwa nyembamba kama zile za kwanza kwa kuwa zilinipendeza. Lo! Zilitoka safi, kingo zimenyooka kama zimechapishwa. Nikazipiga picha.

Nikaifua mara ya kwanza, iko sawa. Mara ya pili, vitanzi viwili vitatu vikachungulia. Kufikia mara ya nne, jina lilikuwa limeanza safari ile ile ya kuzama.

Nilirudi Umoja nikiwa nimenywea. Yule mama akacheka, akaniambia, "Utando ni mgeni, mwanangu. Leo yupo, kesho hayupo. Wenye nyumba ni uzi. Usipoujenga uzi vizuri, mgeni akienda nyumba inaanguka."

Hapo ndipo nilipoelewa. Utando huvilaza vitanzi wakati wa kushona tu. Ukishayeyuka, kinachovizuia visiinuke ni uzi wenyewe. Kwa hivyo uzi lazima uwe wa kutosha kuifanya kazi hiyo peke yake miaka nenda miaka rudi.

Namna ya kuujenga ni hii. Herufi ziwe nene, zenye mistari ya upana wa milimita tatu au zaidi, lakini isipite saba, kwa maana uzi mrefu unaoning'inia hunaswa na kukatika. Kimo cha herufi kisipungue sentimita mbili na nusu. Achana na mikia na madoido. Kisha, kabla ya mshono wa juu, pitisha mshono wa msingi, yaani zigizagi nyepesi ndani ya umbo la herufi. Huo ndio unaovifunga vitanzi chini. Juu yake ndipo uje ule mshono mnono unaometameta, nyuzi zikiwa karibu karibu bila kuacha mwanya.

Kwa taulo zenye vitanzi virefu sana, mafundi wa mashine za kompyuta wana mbinu nyingine. Hutangulia kushona wavu mwembamba wa uzi wa rangi ya taulo, wakalaza eneo zima lenye jina, kisha wakaandika juu ya uwanja huo. Wavu hauonekani sana, lakini vitanzi haviinuki tena. Mwulize fundi wako kama programu yake ina uwezo huo.

Na uzi uwe wa poliesta. Uzi wa reyoni hung'aa vizuri, lakini hauhimili sana ile dawa ya kung'arisha nguo, na nguo za bweni hazina wa kuzichagulia sabuni.

VITAMBAA VINGINE

Taulo si peke yake. Sweta ya shule nayo imefumwa kwa mistari yenye mabonde, na nembo ikishonwa moja kwa moja juu yake huzama kwenye mabonde hayo. Weka utando juu, kikazio kisichochanika ovyo chini, na utumie sindano yenye ncha butu kidogo ya vitambaa vya kufumwa, kama nambari 75/11. Sindano kali hukata uzi wa sweta, na tundu moja huwa tundu kumi.

Makoti na blanketi za flisi nazo zinahitaji utando, ingawa manyoya yake ni mafupi. Kitambaa chenye mistari ya mifereji kama kodrai pia.

Mahameli ndiyo inayotaka hadhari zaidi. Kwanza, fremu huiachia alama, kwa hivyo afadhali kubana kikazio peke yake na kuishikiza mahameli juu. Pili, kuna mahameli isiyotaka maji, ikilowa uso wake huharibika. Hiyo usiiloweke. Uchane utando, kisha vipande vilivyosalia vitoe kwa kibano, au uviguse kwa pamba iliyolowa kidogo sana baada ya kujaribu mahali pasipoonekana.

KAMA HUNA UTANDO

Nayajua maswali yenu. Mwenye kudarizi taulo moja kwa mwaka, anunue roli nzima ya nini? Hebu tupige hesabu. Roli ya upana wa sentimita 20 na urefu wa mita 10, ukiikata vipande vya sentimita 10 kwa 20, utapata vipande 100. Majirani watano wakichanga, kila mmoja ana majina 20. Nayo makombo usiyatupe. Yakusanye ndani ya chupa yenye maji kidogo, yatayeyuka yakawa kama wanga, na unaweza kuyapaka kitambaa chepesi ili kikakamae wakati wa kukishona.

Na kama hata hivyo hupati, kuna njia mbili za bure. Taulo nyingi zina ukanda usio na vitanzi karibu na ncha. Darizi jina hapo, kwenye uso tambarare, wala huhitaji utando. Au darizi jina kwenye kipande cha pamba, ukunje kingo, ukishone kipande hicho juu ya taulo pande zote nne. Hakina urembo mwingi, lakini kitasomeka.

UNAPOMPELEKEA FUNDI

Msomaji usiye na cherehani, wewe pia una kazi. Kabla ya kulipa, mwulize fundi ataweka nini juu ya taulo. Akisema hakuna haja, mwombe akuonyeshe taulo aliyoidarizi na ambayo imekwisha kufuliwa. Usichague herufi kwa uzuri wake kwenye karatasi. Ukipokea kazi, pitisha kidole juu ya herufi ukielekea pande zote. Ukiona vitanzi vinachungulia mkononi mwa fundi, nyumbani vitatoka vyote. Geuza upande wa nyuma uone kama kikazio kipo.

Nanyi mafundi, msiseme taulo ndivyo zilivyo. Kipande kimoja cha utando na dakika chache za mshono wa msingi havizidi hasara ya mteja asiyerudi. Kwenu hilo ni jina moja kati ya mengi ya siku hiyo. Kwa mtoto aliye mbali na kwao, ndilo shahidi wake wa pekee mbele ya mlezi wa bweni.

Ile taulo ya pili niliifumua tena. Yule mama alikaa nami Jumamosi nzima tukaiandika upya kwa herufi nene, uzi mweupe wa poliesta, mshono wa msingi chini na utando juu. Mtoto aliirudisha shuleni muhula uliofuata. Alipomaliza Kidato cha Nne mwaka 2022 alirudi nayo nyumbani, imechakaa, rangi ya samawati imefifia ikawa kama ya majivu. Siku hizi kaka huifutia gari. Lakini jina bado linasomeka, herufi kwa herufi.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.